Wakili Pelletier Ajishtaki

Wakili Armand Pelletier wa Winnipeg alipopata fununu kwamba anakaribia kushtakiwa, alimalizia kwanza supu yake. Habari ilimfikia akiwa kwenye kantini ya mahakama: binti mmoja mwanasheria, Rhonda Catcheway, alikuwa akikusanya majina ya wateja wote aliowahi kuwauza, wamfungulie kesi moja ya pamoja. Wakishinda, leseni yake imekwenda na maji.

Na kuwauza, aliwauza kweli. Kwa mfano, wakili wa Toronto alipoishtaki kampuni ya viatu vya baridi kwa soli zinazopasuka, Pelletier alinakili hati ile ile, akabadilisha jina la mji, akafungua kesi Winnipeg, halafu Calgary, halafu Halifax. Kampuni ilipochoka kujibu kesi moja mara nne, ilimlipa aifute. Aliifuta kwa heshima zote, na wateja wakabaki na soli zao.

"Tumwahi huyu binti," alimwambia shemeji yake Lyle, naye wakili, ingawa wa kuandika wosia. "Wewe ndiye utakayenishtaki."

"Nikushtaki kwa lipi?"

"Kwa yote, kwa niaba ya wateja wangu wote. Hati nitaandika mimi, wewe utie sahihi tu. Tutapatana kila mteja apewe vocha ya kupata ushauri wangu nusu saa bure. Jaji akikubali, yamekwisha. Catcheway akija na yake, ataambiwa ni marudio."

"Na mdai?"

"Bibi Orysia Hnatiuk, mmoja wa wale wa viatu. Ukila pirogi zake, anakusainia chochote."

Walimkuta jikoni chini ya kanisa, akitengeneza pirogi na wenzake, viazi vikifungwa ndani ya unga uliokandwa. Alisaini kwa vidole vyeupe.

"Hii ndiyo ile ya viatu, mwanangu?"

"Ndiyo hiyo hiyo, bibi. Tumeikarabati."

"Maana vidole vyangu viwili vya mguu tangu soli ipasuke kwenye theluji havihisi kitu."

"Ndiyo maana tunakimbizana," alisema Pelletier, akaomba sahani ya pili.

Tumpe haki yake: hati aliiandika kwa moyo wote. Hakuna aliyezijua hila zake kama yeye, na alitaka jaji aamini. Alieleza mji kwa mji, kampuni kwa kampuni, mpaka mwenyewe akajionea aibu kidogo, kisha ikampita.

Siku ya kuthibitisha mapatano, jaji alimuuliza mdai kama ameridhika. Bibi Orysia akasimama.

"Mheshimiwa, nimebadilisha wakili. Huyu binti alikuja jikoni kwetu kuchukua majina, nikamwomba anisomee nilichosaini. Kumbe ni kizuri sana. Sitaki kupatana, nataka kisikilizwe."

Rhonda Catcheway alisimama kando yake. "Yangu siifungui tena, Mheshimiwa. Itakuwa marudio. Na hii imeandikwa na mtu anayejua."

Pelletier aliruka kitini. "Mheshimiwa, kesi hii ni ya bandia. Ni kuichezea mahakama."

Jaji alivua miwani. "Nani aliyeichezea, wakili msomi?"

Pelletier alipiga hesabu. Akimtaja Lyle, Lyle atamtaja yeye. Alimtazama shemeji yake, na shemeji alikuwa akikagua dari.

"Ulimi umeteleza, Mheshimiwa," alisema, akakaa.

Alishindwa kwa maneno yake mwenyewe, nukta kwa nukta. Aliamriwa kutapika vyote alivyolipwa, na vocha nazo zikapitishwa, kwa kuwa mdaiwa mwenyewe ndiye aliyezipendekeza. Chama cha mawakili kilimwachia leseni kwa sharti moja: asishike kazi nyingine mpaka vocha ya mwisho itumike.

Ofisi ilipofunguliwa, foleni ilikuwa imezunguka jengo, watu wakipiga miguu kwenye theluji. Wa kwanza alikuwa Bibi Orysia. Alikaa, akavua kiatu cha kushoto, akakiweka mezani.

"Nina nusu saa," alisema. "Kiatu changu kilipasuka, mwanangu. Nikaenda kwa wakili, akasema atanipigania, kumbe kaniuza. Nifanyeje?"

Pelletier alikitazama kiatu, akaitazama foleni, akachukua kalamu.

"Jina la huyo wakili?" aliuliza kwa sauti ndogo, kwa kuwa ndivyo kazi inavyoanza.

"Andika tu, mwanangu," alisema Bibi Orysia. "Unalijua."