Nukta Mbele ya Jina

Jumatatu, 6 Novemba

Kikao cha kamati ya maktaba. Pushkaran amesimama kabla chai haijafika. Mpwa wake aliyeko Sharjah ameleta kompyuta mpya, bado imo ndani ya boksi. Kwa hiyo ile ya zamani, ya pembeni mwa dirisha, ifutwe, wapewe vijana wa mpira waandikie matokeo yao.

Ile ya pembeni mwa dirisha ni ya mke wangu Thankamani. Miaka ishirini na miwili alikaa pale akitunza maktaba ya kijiji hiki. Ametutoka wakati wa mvua za mwezi wa Karkidakam. Kiti chake bado kina ule mto alioushona kutokana na mundu wangu wa zamani, ile shuka ninayojifunga kiunoni.

Nikasimama na mimi. Nikasema mashine ile imejaa vitu vya thamani visivyo na mfano. Pushkaran akauliza vitu gani. Nikasema vingi. Akasema alikwisha kuangalia, ni tupu kama tumbo la siku ya mfungo.

Mwalimu Saudamini, mwenyekiti wetu, alinifundisha darasa la nne na hadi leo hunitazama kama sijaleta daftari. Ameamua. Jumamosi, mbele ya kamati nzima, Achuthan, yaani mimi, atuoneshe kilichomo. Kikionekana, mashine itabaki na yeye atakuwa msimamizi wake. Kisipoonekana, Pushkaran afute.

Sijawahi kuigusa mashine ile hata siku moja. Lakini kikao hakikuuliza hilo.

Jumanne, 7 Novemba

Nimekaa kwenye kiti chake. Nimefuta vumbi kwanza.

Kwenye kioo hakuna picha wala vitufe vya kubofya. Skrini nyeusi tu, na jina lake kwa herufi nyeupe: thankamani, kisha alama kidogo, kisha kijimstari kinachopepesa. Kinangoja. Ukutani kuna karatasi ya kalenda ambayo nyuma yake aliwaandikia wanakamati maelekezo, kwa mwandiko wake wa mviringo. ls: orodhesha vilivyomo. cat: soma. touch: tengeneza faili jipya. Basi. Herufi mbili tu na nyumba nzima inakufungulia mlango! Nani aliyebuni kitu cha adabu namna hii? Huulizwi wewe ni nani. Huulizwi unatafuta nini. Unagonga hodi, unaambiwa vilivyomo.

Nikaandika l, nikaandika s, nikabonyeza kile kitufe kikubwa.

Hakuna kitu. Jina lake tu, mara ya pili, chini ya lile la kwanza.

Nikarudia. Jina lake tena. Nilirudia mara kumi na nne. Si kwa kutafuta faili.

Pushkaran alikuwa anasoma gazeti mezani. Akaniambia, Kaka Achuthan, ukigonga nyumba tupu mara kumi na nne, jirani ndiye anayeamka. Pushkaran alikuwa msoma mita za umeme. Miaka thelathini na mmoja akiingia nyumba za watu bila kusubiri kukaribishwa.

Jumatano, 8 Novemba

Mpango wa kwanza. Bila waya wa umeme hakuna kuonesha, bila kuonesha hakuna kufuta. Nimechomoa waya, nimeuzungusha kiunoni chini ya mundu, nimetoka nikitembea kama mtu mwenye maumivu ya mgongo. Mwalimu Saudamini amenikuta mlangoni, akaniuliza mgongo umeanza lini. Nikasema tangu asubuhi. Akanieleza mafuta ya kuchua, kwa urefu, nimesimama, waya ukianza kuteleza.

Nimeuficha ndani ya pipa la mchele.

Baada ya chai nilirudi kusikitika pamoja na wengine. Mashine ilikuwa inawaka. Pushkaran ana mfuko mzima wa nyaya. Akasema mtu wa umeme hakosi waya, kama mtu wa muhogo asivyokosa mchuzi wa samaki.

Mpango mzuri. Adui ndiye aliyejiandaa kupita kiasi.

Alhamisi, 9 Novemba

Mpango wa pili, na huu ni wa kichwa! Kama nyumba ni tupu, mtu analeta wageni.

Touch, nafasi, jina. Faili limezaliwa! Touch tena, jina jingine. Mchana wote nimeandika majina kadiri yalivyonijia: mashairi, mazao, minazi, ramani, hesabu, homa-za-ng'ombe. Hilo la ng'ombe lilinigomea, mashine ikakaa kimya na kijimstari kikitoa alama ngeni, mpaka nilipoondoa kile kikoma cha juu. Nimetengeneza arobaini.

Kisha l na s.

Ee Mungu wangu! Skrini imejaa. Na nilivyoyaandika ovyo, yenyewe imeyapanga kwa alfabeti, safu nne zilizonyooka, kama wasichana wa shule gwarideni. Sikuiomba. Imefanya tu, kwa sababu ndivyo inavyofaa kufanywa. Nikamkumbuka Thankamani: hata kwa majirani alikuwa hawezi kupita kwenye rafu ya vikombe bila kugeuza mishikio yote upande mmoja.

Nimekula puttu sahani mbili. Jumamosi naisubiri kwa hamu.

Ijumaa, 10 Novemba

Balaa.

Nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba mbele ya skrini. Pushkaran akaja nyuma yangu kwa viatu vya mpira visivyotoa sauti. Akaitazama orodha. Akasema ni nyingi, hongera. Akaomba kibodi kidogo tu. Binti wa dada yake anasoma mambo hayo Kozhikode na amemfundisha kitu kimoja kwa simu. Akaandika l na s kama mimi, akagonga kile kitufe kirefu cha nafasi, akaweka kistari na l nyingine.

Safu zangu nne zikavunjika. Kila faili likasimama peke yake kwenye mstari wake, na ubavuni tarehe na saa ya kuguswa, na ukubwa wake. Yote tarehe tisa Novemba. Yote kati ya saa saba na saa kumi mchana. Na ukubwa: sifuri. Sifuri. Sifuri. Mara arobaini, kutoka juu mpaka chini.

Pushkaran akavua miwani. Akasema, nimesoma mita miaka thelathini na mmoja, kaka, sifuri naitambua hata nikiwa usingizini. Umeleta wageni arobaini na hakuna hata mmoja aliyevaa nguo.

Akayafuta yote, akaenda kwa Mwalimu Saudamini, na ufunguo wa maktaba sasa anao Pushkaran mpaka kesho.

Nakiri jambo moja. Hata nilivyoaibika, niliipenda ile orodha ndefu. Haikunisengenya. Haikuniita mwongo. Iliweka tu kila kitu na uzito wake na saa yake.

Jioni nimekaa kibarazani nikimenya vitunguu vidogo. Ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya maktaba ikiwa haina watu, nikiwa nimekaa nyuma ya kiti chake. Nikashtuka. Mikono yangu ilikuwa inamenya kwa mapigo yake. Nayajua mapigo yale kama njia ya kisimani. Ta-ta. Dum, kitufe kirefu. Ta-ta. Dum, kile kikubwa. Kila asubuhi akifungua, ta-ta dum ta-ta dum, ndipo anaagiza chai.

Mimi nimegonga nusu tu! Ta-ta, dum. Alikuwa na vipigo viwili zaidi, baada ya kitufe kirefu.

Pushkaran leo aliweka kistari na herufi. Vipigo viwili. Lakini herufi gani? Si l yake, maana kidole cha Thankamani kilikwenda kushoto kabisa, kile kidogo chenye kovu la kisu cha nazi. Kushoto kabisa kuna a.

A. Kwa Achuthan! Bila shaka. Mke wangu aliifungua kila asubuhi kwa jina langu.

Jumamosi, 11 Novemba

Kamati nzima. Wamekuja hata wa timu ya mpira kuchukua mashine, wamekuja na kamba.

Mwalimu Saudamini akasema, Achuthan, onesha. Nikagonga l na s. Jina lake, hakuna kingine. Mmoja wa mpira akaanza kufungua kamba. Pushkaran akakohoa.

Nikasema ngojeni. Nikafumba macho, maana nikitazama vitufe napoteza mapigo. Ta-ta. Dum. Ta-ta.

Dum.

Nilisikia Mwalimu Saudamini akivuta pumzi. Nikafumbua.

Skrini ilijaa! Juu kabisa nukta moja peke yake, chini yake nukta mbili peke yake. Sijui ni nani hao, niliwasalimia kwa kichwa. Kisha majina, na kila jina lina nukta mbele, kama kipini puani. .historia-ya-maktaba. .vitabu-vya-kushona. .walioazima. .wanachama. Mistari na mistari, alfabeti imenyooka.

Pushkaran akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akaomba .wanachama lifunguliwe. Wote wamo, tangu mwaka maktaba ilipojengwa kwa makuti. Juu ya orodha Thankamani ameandika sababu: mwaka wa mafuriko Pushkaran aliingia kwenye mashine hii kusafisha, kama alivyoita mwenyewe, akalifuta daftari lote la wanachama. Thankamani hakugombana. Aliliandika upya, jina kwa jina, na tangu siku ile akaweka nukta mbele ya kila kitu. Chenye nukta hakionekani mpaka ukiombe waziwazi. Na kwenye karatasi ya ukutani, ile ya wanakamati, akaandika ls peke yake.

Pushkaran alirudi nyuma hatua moja. Kisha akasema, miaka yote hii mama huyu alinifungia mlango, na mimi nikipita nasema nyumba haina mtu. Akasema hajawahi kuona fundi kama yule. Akafuta miwani, ingawa haikuwa chafu. Akasema pia kwamba ile a ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya vyote. Sikubishana naye mbele za watu.

Hapo ningenyamaza, ningekuwa msimamizi. Lakini nilikuwa nimeliona jina la kwanza kabisa chini ya zile nukta. .achuthan.

Nikawatangazia kwamba hii ni barua ya mke kwa mumewe, lakini mimi ni mtu nisiye na siri. Nikaandika cat, nikabonyeza kwa kidole kilichonyanyuliwa juu.

Ilikuwa orodha ya vitabu nilivyoazima na sikurudisha. Thelathini na kimoja. Miaka ishirini na miwili.

Mwalimu Saudamini akaisoma kwa sauti ya darasa la nne. Kila kitabu kina tarehe na maelezo. Mashairi ya shamba: mguu unamuuma, asisumbuliwe. Safari za mfanyabiashara: anakisoma mara ya tatu, anacheka palepale. Tiba za ng'ombe: hatuna ng'ombe, lakini anapenda picha. Kamusi: amekiweka chini ya mguu wa kitanda, nitakitoa mwenyewe. Wenzangu walicheka mpaka wa mpira wakakalia kamba yao. Na mimi nilicheka, kisha sikuweza kuendelea, Mwalimu akanipa glasi yake ya maji.

Uamuzi: mashine inabaki dirishani, haiguswi. Msimamizi ni Pushkaran, kwa sababu anaitambua sifuri. Mimi nirudishe vitabu vyote thelathini na kimoja ifikapo Jumatatu. Kiti naruhusiwa kukikalia.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimepeleka vitabu kwa toroli. Pushkaran ameviweka alama kimoja kimoja. Thelathini. Akauliza cha mwisho, cha ufugaji nyuki.

Hicho hakikuwa changu. Alikiazima Thankamani kwa jina langu wiki ile kabla ya hospitali. Ameishia ukurasa wa mia na kumi na mbili. Kibanio chake cha nywele kiko pale.

Nikamwambia Pushkaran kimeliwa na mchwa. Akatazama mfuko wangu wa bega, ambamo kona ya kitabu ilikuwa imetokeza. Akatazama dirisha. Akasema, ndiyo, kaka, mchwa wa mwaka huu ni wakali. Akaenda kununua ndizi za kukaanga, akaniacha peke yangu na mashine.

Mjinga! Kaamini!

Basi nimemaliza jambo hili kitaalamu. Nimetengeneza faili la kitabu kile, niweke kumbukumbu yangu mwenyewe, mahali ambapo kamati haitafika kamwe. Nimeliita .nyuki. Kwa nukta mbele.

Nimehakikisha. L na s. Hakuna kitu, jina lake tu. Salama kabisa. Nani katika kijiji hiki angejua kutafuta hapo?