Jinsi Nilivyopunguza Kilomita Mia Tatu

Mheshimiwa Mimi Mwenyewe, Mkurugenzi wa Umbali na Muda wa Safari, mtu wa kwanza chini ya jua kupunguza kilomita bila kushika koleo. Waheshimiwa wajumbe wa kamati yangu. Waheshimiwa wajumbe wa kamati ndogo inayoikagua kamati yangu, ambao ni walewale. Mabibi, mabwana, na nyie mliokaa juani kwa sababu hema limetosha wakubwa tu, habari zenu? (Makofi. Mmoja anajibu, "Za jua!")

Mimi sikusoma sana, na sioni aibu, maana waliosoma sana walituambia kwamba kutoka kiwanja chetu cha ndege hadi kiwanja cha mkoa wa mwisho ni kilomita elfu moja na thelathini, wakaenda kulala, ilhali mimi niliyeishia darasa la sita nilizindua mchakato shirikishi wa upembuzi yakinifu, yaani nilimwomba uzi Mama Fundi, yule anayeshona chini ya ngazi za ofisi yetu, nikauvuta kwenye ramani kutoka nukta hadi nukta, na papo hapo nikapata kilomita mia saba na thelathini! (Vigelegele.) Karani mmoja, mdomo haumtulii, akasema, "Bosi, ramani imebandikwa konani, nusu ukuta huu, nusu ukuta ule. Uzi wako umekatiza hewani." Nikamuuliza, "Kwani wewe, ndege inapita ukutani?" (Kicheko kirefu. Karani anatazama viatu vyake.)

Kwa hiyo, kiteknikali, muda wa kuruka ni saa moja na dakika nane, soda ikiwemo, dhidi ya saa ishirini za basi, na wadau tuliowahoji wameridhika kwa asilimia mia moja na nne, hao wanne wakiwa ni shemeji zangu. (Makofi hemani.) Naam, Mama Fundi, naona mkono.

"Baba, samahani. Binti yangu anapasuliwa kesho kutwa huko huko, mtoto amekaa vibaya, na hana mtu wa kukaa naye. Stendi nimekwenda jana na leo, basi silioni. Hiyo ndege inaondoka saa ngapi?"

Swali zuri sana, mama yangu, la kimkakati kabisa. Mzigo umeshafunga?

"Tangu juzi."

Basi nusu ya safari umeshaimaliza! (Kicheko. Mama Fundi hacheki. Taratibu, na wengine wanaacha.)

Tuendelee. Umbali! ("Umepungua!") Muda! ("Umefupishwa!") Mama Fundi! (Mama Fundi bado ameinua mkono.)

Namalizia kwa kuwashukuru marubani ambao hatujawaajiri, shirika ambalo hatujaliandikia, ndege yenyewe, popote itakapotengenezwa, na kiwanja cha kule, ambacho nimeambiwa leo asubuhi kwamba ni uwanja wa mpira. Hayo hayaninyimi usingizi. Ni mambo ya ratiba. Lililoharibika kweli ni moja, nami nalisema nikiwa nimeshashika mlango wa gari: katika mradi mzima, barua pekee iliyotoka ofisini kwangu na kufika inakotakiwa ni ile ya kuliondoa basi. Hiyo niliigonga muhuri mwenyewe.