Mtoto Ana Baunsa

Habari aliisoma Kinyozi kwenye simu, na kama kawaida yake aliisoma asiielewe: mtoto mchanga kaanguka kutoka mezani akiwa na baunsa, kakimbizwa hospitali. Akashusha simu, akatutazama. Alitaka kujua baunsa mzima, kifua kama kabati, alipanda mezani na mtoto kufanya nini.

Shangazi, anayetuuzia kahawa na kutuvumilia, akamweleza polepole kwamba si yule baunsa wa mlangoni mwa disko. Ni kile kiti cha kitambaa chenye fremu ya chuma. Mtoto analazwa humo, anarusha miguu, kiti kinanesanesa. Kinyozi akasema basi wangekiita kinesi, watu wazima tusingehangaika.

Injinia akasonya. Huyu anauza makava ya simu. Uinjinia tulimpa sisi, siku alipobadilisha balbu mtaa mzima ukazimika. Ana mtoto wa kwanza, wa miezi mitano, na tangu azaliwe hatupumui kwa mahubiri ya malezi. Akatuambia wazazi wa siku hizi ni bure kabisa, wananunua kitu wasichojua kukitumia. Yeye baunsa yake aliichagua mwenyewe dukani.

Shangazi akamuuliza kama kitako cha kiti hicho ni kipana, na kama alikitikisa palepale dukani aone kinapinduka au la. Injinia akajibu kina nyimbo nyingi kuliko simu ya Kinyozi. Na uzito wa mtoto kinachoweza kubeba? Kina taa za rangi tatu, akasema.

"Haya, na unakiweka wapi?"

Mezani, wapi tena. Sakafuni kuna baridi na sisimizi, na mtoto wa Injinia hakuzaliwa akae chini pamoja na ndala.

Mimi ni fundi cherehani, sina cheti cha malezi, lakini nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia mapajani. Si ndiyo habari hiyohiyo iliyotoka kusomwa? Injinia akanitazama kwa huruma. Akasema meza ya yule wa kwenye habari ilikuwa uchwara, yake ni mbao ngumu, haianguki.

"Meza haianguki, wewe," Shangazi akasema. "Kiti ndicho kinachotembea. Mtoto akipiga miguu kinasogea, kinasogea, mpaka ukingoni."

Kinyozi akajitia mtetezi. Akasema labda mikanda ya kiti itamzuia mtoto asichomoke.

"Mikanda niliikata," Injinia akasema. "Mwanangu si mahabusu."

 Shangazi akaweka birika chini. Akauliza mtoto yuko wapi saa hii. Injinia akasema yuko nyumbani, kasinzia kwenye baunsa yake, mama yake anafua uani. Shangazi akamwambia kile si kitanda. Mtoto akisinzia anahamishiwa kwenye godoro lililonyooka, maana kidevu kikishuka kifuani pumzi inabanwa. Injinia akacheka. Kasema huyo hana shingo ya kulegea, mtoto ana nguvu, jana tu kajiinua mwenyewe karibu akae, akawa anataka kutoka kwenye...

Sentensi hakuimalizia. Nilimwona akiyasikia maneno yake mwenyewe, kisha akaondoka mbio, kandambili moja ikabaki chini ya benchi. Tukamfuata.

Anakaa vyumba viwili nyuma ya gereji. Kiti kilikuwa ukingoni kabisa mwa meza, pembe moja ya fremu iko hewani. Mtoto alikuwa macho, kajikunja, anavuta mwili kuzifuata zile taa. Shangazi alimpita Injinia, akamtoa mtoto kwanza, ndipo akakishusha kiti. 

Mkewe akaingia na povu mikononi. Akasema yeye alikiacha kiti chini, kwenye mkeka, ili amwone kutokea mlangoni. Hakuuliza nani alikipandisha.

Kinyozi ndiye aliyeiona. Televisheni, kubwa kuliko dirisha, imesimama kwenye stuli, imefungwa kwenye nondo za dirisha kwa mikanda miwili ya kijivu, vifungo vyake vya plastiki vimebanwa sawasawa. Injinia akaeleza kwa sauti ndogo kwamba malori yakiingia gereji stuli inatikisika, ingeweza kuanguka.

"Kumbe baunsa yupo," Shangazi akasema. "Ila kaajiriwa na televisheni."

Nikajitolea kuishona mikanda irudi kwenye kiti. Shangazi akakataa: mshono wa mtaani haubebi mtoto, na huyu ameshaanza kujiinua, kiti hicho kazi yake imekwisha. Injinia akafikiri, kisha, kwa moyo wake wote, akauliza kama basi mikanda inaweza kubaki ilipo.

"Iache," mkewe akasema. Akamchukua mtoto kwa Shangazi, akampa mumewe mikononi. "Televisheni umeilea vizuri. Sasa anza na huyu."

Injinia akakaa sakafuni, palepale penye sisimizi.