Picha ya Bibi Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 9 Februari

Joto tangu saa tatu asubuhi. Mbuzi wamejibana wote kwenye kivuli cha tangi la maji. Nimebakiwa na siku tano.

Jumamosi Shangazi Alwina anakuja na gari kumchukua Bibi kwenda Walvis Bay, akapasuliwe mtoto wa jicho. Babu naye aliondoka hapa kwa gari, akapunga mkono, akarudi ndani ya jeneza. Hatukuwa na picha yake. Kwenye karatasi za mazishi waliikuza ile ya kitambulisho, na mtu aliyekuwa akicheka mpaka akapaliwa akazikwa na sura ya mwizi wa ng'ombe. Bibi naye ana picha moja tu duniani. Ya kitambulisho.

Nataka picha moja ya Bibi akicheka. Bibi hataki kupigwa picha. Ndiyo shida yote.

Mpango wa kwanza: nilijificha nyuma ya mkokoteni wa punda wakati anakoroga sufuria la nara, yale matunda yetu ya jangwani. Macho yake yanaona ukungu mtupu, lakini masikio ni mazima. Kamera ililia mara moja tu. Akauliza, bila kugeuka, kama nimeota mizizi huko nyuma au nitatoka mwenyewe.

Jumanne, 10 Februari

Mpango wa pili ulikuwa wa kisomi. Nilimwambia Bibi kwamba chuo changu kinataka picha za nara, hatua kwa hatua: kupasua tunda, kuchemsha, kuanika mbegu mchangani. Alifurahi kwamba hatimaye chuo kinasoma kitu cha maana. Akafanya kazi kwa moyo mweupe, akanipa mgongo kutwa nzima. Nina picha arobaini na tatu za mgongo. Baadhi ni nzuri sana. Ni mgongo wenye mawazo.

Alasiri upepo wa baharini ukaleta mchanga, tukaingia ndani. Gerson, binamu yangu, akaja na habari ya beberu wake aliyeanza kufanana na mchungaji wetu wa kanisa. Bibi alicheka mpaka akashika meza. Kamera ilikuwa kwenye chaji.

Bibi amenilea tangu nina miaka miwili. Nimemsomea barua, nimemtia dawa machoni, nimemsimulia vitabu vizima. Gerson humfanya acheke. Mimi humfanya aulize kama nimekula.

Jumatano, 11 Februari

Nimemeza kiburi. Nilimfuata Gerson zizini nikamwomba amchekeshe Bibi kesho saa kumi, karibu na dirisha, mimi nikiwa nje na kamera. Akaniuliza yeye atapata nini. Anampenda mwalimu mmoja wa shule ya huko chini mtoni, na miezi saba sasa hajamwambia kitu zaidi ya habari za mchana.

"Niandikie barua, Profesa," akasema. "Wewe una maneno, mimi nina mbuzi."

Niliandika kurasa mbili. Nilikusudia nusu ukurasa, lakini kitu kikafunguka. Niliufananisha ukimya wa mwalimu na matuta ya mchanga kabla upepo haujaamua pa kwenda. Nadhani ndicho kitu bora nilichoandika mwaka huu. Gerson aliisoma midomo ikicheza, akasema ni ndefu.

Alhamisi, 12 Februari

Gerson ni mtu wa neno lake. Saa kumi kamili alimchekesha Bibi. Kwa kumsomea barua yangu.

Aya ya kwanza Bibi alikuwa anaguna tu. Ilipofika kwenye matuta ya mchanga akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Alipiga paja, kitambaa kikamdondoka kichwani, akafuta machozi kwa aproni, akauliza huyo mwalimu anaposwa au anazikwa. Mwanga ulikuwa wa dhahabu. Betri imejaa. Kamera mkononi.

Sikubonyeza. Nilipiga kelele dirishani kwamba Gerson ameruka sentensi.

"Kumbe uko hapo," Bibi akasema. "Ingia uisome wewe, mwenzako anakata pumzi pabaya."

Nilikwenda kukaa na mbuzi. Baadaye alinifuata na fimbo yake na bakuli la uji. Alisema kwa upole kwamba picha ya mazishi yake ataichagua Alwina, kwa hiyo nisijisumbue.

Kumbe alijua tangu Jumatatu. Uji ulinishinda.

Ijumaa, 13 Februari

Simu kutoka Homeb, kijiji cha juu ya mto, alfajiri: mto unakuja. Miaka mitatu haujafika kwetu. Watu wote wakateremka kwenye mkondo mkavu kuusubiri. Bibi alivaa gauni lake pana la viraka, la Krismasi, akawekewa kiti ukingoni.

Mpango wa nne, nao ulikuwa safi. Siku ya mto kila mtu ana kamera, nani atasikia ya kwangu? Nilisimama katikati ya mkondo, uso kwa Bibi, mgongo kule mto unakotoka.

Maji yalikuja kama yanavyokuja siku zote, polepole, ulimi wa povu la kahawia ukisukuma vijiti na mavi ya punda, mende wakikimbia mbele yake. Watu wote waliyaona. Mimi nilikuwa namwomba Bibi ainue kidevu kidogo.

"Profesa, nyuma yako," Gerson akasema.

Nikamwambia anyamaze, ananiharibia picha.

Mto ulinikata miguu. Nilianguka nikiwa nimeinua kamera juu, na Bibi, aliyesikia kishindo, akateremka akaipokea. Nikasimama. Nikaanguka tena. Ndipo nikasikia kamera ikilia.

Na Bibi akacheka. Hakuna beberu, hakuna barua. Alinichekea mimi.

Picha ninayo. Niko kwa miguu minne, tope mpaka meno. Theluthi moja ni kidole gumba cha Bibi, na kovu lake la kisu cha nara limetoka vizuri.

Jumamosi, 14 Februari

Mto umejaa kati yetu na barabara. Shangazi Alwina alisimama ng'ambo akatupigia simu huku tunaonana, akamlaumu Bibi kwa mafuriko. Hospitali imetoa tarehe nyingine, siku kumi kutoka leo. Bibi alisema ni bahati mbaya, kisha akaomba chai yenye sukari nyingi.

Baadaye akaniita. Aliniambia kwamba asubuhi ile Babu anaondoka, yeye alikaa akamtazama mpaka chai ikapoa, na bado anamwona. Picha ya karatasi ya nini? Akasema nisogee anione na mimi kabla hawajamgusa macho. Nikasogea. Akasema bado. Nikasogea tena. Akanishika uso kwa mikono miwili, pua kwa pua, pale ukungu wake unapoishia. Akanikagua. Akakuta tope sikioni, akacheka, meno yake manne yote, mwanga wa dirishani ukimwangukia upande wa kushoto.

Sijawahi kuona kitu kizuri namna hii. Nilitaka kulia.

Halafu nikagundua kwamba kwa umbali ule hawezi kuona mikono yangu inafanya nini. Na mlio wa kamera unazimika. Imeandikwa kwenye kile kijitabu chake cha maelekezo, ukurasa wa tisa. Nimekifungua leo kwa mara ya kwanza.

Siku kumi. Nimeshajipaka tope sikio la pili.