Kuhusu Sahani Namba Nne Kutokuwa na Jina

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Tamasha la Vyakula,
Duka la Shambani, mlango wa upande wa kuku.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kuku wako wazima, na zaidi natumaini inakukuta umekaa, maana ni ndefu. Mimi ndiye fundi niliyewaandikia vibao vya tamasha. Ukitoka nje ya ofisi ukatazama juu utaona ONJA KWANZA kwa rangi nyekundu. Huo ni mkono wangu. Nakutajia hili mapema ili usidhani unaandikiwa na mtu asiyelitakia tamasha mema. Nililitakia mema mpaka mchana wa siku ile.

Ninayo maombi matatu. Nitayataja mwishoni, kwa sababu ukiyasoma sasa utacheka, na malalamiko hayapendezi kuanza kwa kuchekwa.

1. Kuhusu siku yenyewe. Jumamosi ni siku yangu ya kupumzika, na kupumzika ninakokujua mimi ni kukaa. Mke wangu anasema huko si kupumzika, ni kuhifadhiwa. Basi nikapakiwa kwenye gari la shemeji, kaka yake mke wangu, tukaja kwako "kutembea tu". Mwenyekiti, dukani kwako hakuna kutembea tu. Tuliingia kutafuta mayai. Tulitoka na mayai, asali, vitunguu, na boga lililopewa kiti cha mbele kama mgeni rasmi, mimi nikaambiwa nitakaa nyuma nimepakata vitunguu. Tena mayai yenyewe yana matope. Sokoni yai la matope hufutwa, kwako matope ndiyo ushahidi. Na kile kibao cha MAYAI YA LEO nilikuandikia kabla ya mvua za mwaka jana, na hakijashushwa hata siku moja. Lakini hilo tuliache, maana nililipwa.

2. Kuhusu muuza jibini. Bwana huyu hukata kipande chembamba kiasi kwamba ukikiinua unamwona yeye upande wa pili, anatabasamu. Mara ya kwanza nilionja kwa sababu kibao kiliniambia, na kibao nimekiandika mimi, sasa ningekuwa mtu wa namna gani kukipuuza? Mara ya pili nilionja ili kuhakikisha. Mara ya tatu nilivua kofia nikapitia upande wa mikate. Akasema mbele ya watu, "Karibu tena, mzee. Kofia umeiacha wapi?" Nauliza kwa heshima zote: huo ni ukarimu au ni ulinzi?

3. Kuhusu sahani. Hapa ndipo penye jambo, naomba usiruke mistari.

Ulinieleza mwenyewe, huku umenishikia ngazi, kwamba kwenye meza ya mashindano ya jemu hakutakuwa na majina, namba tu, kwa kuwa tukiweka majina watu wataonja shangazi zao badala ya kuonja jemu. Nilikuona una akili. Nikaandika moja hadi tisa, nyeusi juu ya nyeupe, na ile nne niliipa mguu mzuri kuliko zote. Sikujua naandaa nini.

Sasa lazima ujue kwamba nyumbani kwangu jemu ya machungwa hupikwa na mke wangu, na kwamba tangu tuoane nimekuwa nikimsaidia kwa maoni. Maoni yangu ni mafupi. Huonja, nikatazama dari, nikasema, "Nzuri, ila imekosa kitu." Yeye huuliza, "Kitu gani?" Nami husema, "Kitu." Sidhani kuna mke anayeweza kulalamikia msaada wa bure namna hiyo.

Basi nikafika mezani. Ya kwanza ilikuwa sukari. Ya pili ilikuwa sukari iliyoungua. Ya tatu siisemi, mwenyewe alikuwa amesimama karibu. Nilipofika ya nne, Mwenyekiti, niliacha kutafuna. Kulikuwa na uchungu kidogo wa ganda, halafu utamu ukaja nyuma yake bila haraka, kama mtu anayejua atasubiriwa. Nikachukua kijiti cha pili cha kuonjea, kisha nikaipigia kura. Ndipo mtangazaji wako akaniletea kipaza sauti mdomoni na kuuliza, "Mzee wetu, unasemaje?"

Mtu akishikiwa kipaza sauti, ama husema ukweli ama husema sana. Mimi nilifanya yote mawili. Nilisema, na nikasikika mpaka kwenye maegesho, "Hii ndiyo jemu. Hii ina kile kitu. Ya nyumbani kwangu ingeletwa hapa ikae chini ijifunze."

Watu walipiga makofi. Shemeji alikaa kwenye nyasi ameshika tumbo, nikadhani ni jibini. Mke wangu alikuwa upande wa pili wa meza, amevaa aproni ya kamati, anapanga vijiti. Kumbe namba nne ilikuwa jemu yake, chupa aliituma kupitia shemeji siku moja kabla. Akaniinulia macho na kusema kwa upole kabisa, "Asante, Fundi. Nitaiambia."

Sufuria ni ileile. Mwiko ni uleule. Machungwa yanatoka kwa mama yuleyule wa sokoni. Nilimuuliza ameongeza nini. Akasema, "Kitu." Shemeji yeye anadai kilichokosekana miaka yote ni kibao cha namba nne, na hicho nimekipaka mwenyewe.

4. Kuhusu madhara nyumbani. Tangu siku hiyo nakula mkate mkavu. Nikiuliza jemu iko wapi, najibiwa kwamba bado inajifunza. Nimeuliza itahitimu lini, nikaambiwa inategemea mwalimu. Wakati huohuo sebule yangu imejaa kreti za chupa, machungwa yamekalia kiti changu, na taarifa ya habari naitazama kupitia upenyo, kwa hiyo siku hizi najua habari za upande wa kushoto tu. Jirani yetu muuguzi alikuja kuazima ngazi, akaondoka na chupa mkononi na ngazi akaisahau. Ya kwake haikuwa masomoni.

5. Kuhusu jina langu. Kila kibao nilichowahi kuandika kina jina langu pembeni, chini, kwa herufi ndogo za adabu. Hakuna aliyewahi kulisoma. Sasa muuza nyama ananiita Mume wa Namba Nne. Kinyozi naye kadaka. Juzi alikuja mteja kwenye karakana yangu, akaniuliza kama hapo ndipo kwa mume wa yule mama wa jemu, nikajibu ndiyo kabla sijafikiri.

6. Kuhusu rafu. Nimepata habari kwamba umempa mke wangu nafasi ya rafu dukani kwako, na kwamba unataka jibu kabla ya Jumamosi hii. Yote ya juu ningeyavumilia, hili hapana. Akiichukua rafu, chupa zote zitakuja kwako. Mimi nitapanda gari la shemeji, nitapita mbele ya muuza jibini, nitapanga foleni nyuma ya watu wenye vikapu, ili nikanunue jemu ya mke wangu kwa mtu ambaye si mke wangu. Na hata hapo nina wasiwasi atakuwa ameacha maagizo kaunta.

Kisha kuna jambo dogo ambalo nalitaja kwa ajili ya kumbukumbu tu. Jemu ikiwa karibu kuiva, huwa anatoka jikoni na kijiko, mkono mwingine ameukinga chini isidondoke, anasimama mbele yangu kungoja nionje. Mtu mwenye rafu hana nafasi ya kusimama hivyo. Atakuwa anabandika lebo. Nami nitamwambia nani kwamba imekosa kitu, na nani ataniuliza kitu gani?

Mwenyewe hajakujibu bado. Anasema anangoja maoni ya mtaalamu. Mtaalamu ni mimi, na kila nikifungua mdomo ananitazama kama mtu anayetafuta kipaza sauti.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Kura yangu ifutwe. Niliipiga bila kujua nampigia nani, na kura ya namna hiyo haiwezi kuwa ya haki.

(b) Mwakani kila sahani iwe na jina, kubwa, lisomeke kutoka barabarani. Kazi hiyo nitaifanya mwenyewe.

(c) Rafu asipewe. Ikibidi sana apewe, basi iwe ile ya chini kabisa, nyuma ya magunia ya chakula cha kuku, mahali ambapo mteja hufika kwa kupotea njia.

Nisalimie wote wa hapo: mkeo, akina dada wa kaunta, mtangazaji na kipaza sauti chake, na wale kuku wa mayai ya leo, ya kabla ya mvua. Muuza jibini naye msalimie, lakini salamu zake zikate nyembamba.

Ni mimi, mlalamikaji wako mtiifu, wa mkate mkavu,

Fundi Vibao

Tanbihi: Barua hii niliiacha mezani nikatafute bahasha. Niliporudi nilimkuta mke wangu anaisoma, amesimama, mwiko mkononi. Alipofika kwenye lile jambo dogo la kumbukumbu, aliyatoa machungwa kwenye kiti changu akakaa. Nikangoja. Alipomaliza akasema ni barua nzuri, ila imekosa kitu. Nikamuuliza kitu gani. Akasema, "Kitu." Kisha akafungua chupa, akaniwekea na mkate, akarudi jikoni.

Nimekula, nimefikiri, na kilichokosekana nimekiona: sikutaja kimo cha rafu. Iwe usawa wa kifua, karibu na mlango, mahali ambapo jua la asubuhi haliifikii chupa. Magunia ya kuku yasogezwe. Lebo naziandika mimi, na kreti ya kwanza nimeshaimaliza: jina lake kubwa, langu pembeni chini. Shemeji atazileta chupa Jumamosi, mimi nikiwa nyuma nimezishikilia. Sahani za mwakani ziache na namba zake.

Na kura yangu usiifute. Leo jemu nimeionja tena, safari hii jina nikilijua, na kile kitu bado kimo.