Jiko la Yai kwenye Shimo la Miiba

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Yai limefika! Chukudu ya mbao ya kusukuma iliyolibeba imevunjika gurudumu mbele ya mulango wetu, kwa hiyo mutaa muzima umepata nafasi ya kutazama. Jiko la makala la udongo mugumu, nene kama ukuta wa kanisa, umbo la yai, na kifuniko chenye bawaba. Makala chini, nyama juu, unafunika, unakaa kama waziri. Muzungu niliyekuwa ninamulindia mulango amenirithisha kwa sababu ndege ilikataa uzito. Sishangai. Vitu vizito vinatafuta watu wazito.

Sasa linataka makao. Yai kama hili haliwezi kukaa karibu na ndoo za kufulia. Nimechora mupango: ukumbi wa mawe ya volkano, meza ya kukatia nyama, benchi, bati za manjanja juu. Sikumaliza sekondari, lakini Kampala nimefika, siyo kusimuliwa.

Haraka ipo. Papa mukwe, Muzee Donat, mufanya biashara wa Butembo, anakuja Jumamosi. Nilimwambia kwenye simu kwamba nitamuchomea mbuzi kwa mikono yangu, kwenye jiko ambalo Butembo nzima haina. Akajibu kwamba ni vizuri, maana mpaka leo amesikia moshi wa maneno yangu tu, moto hajauona. Na kama Jumamosi hatauona, atarudi na binti yake, akae naye dukani mpaka mimi niamke.

Katungu, mke wangu, alisikia yote. Alikuwa anakunja nguo. Sikupenda namna alivyozikunja.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimepata mahali! Nyuma ya nyumba kuna shimo katika mawe ya volkano, duara kama bakuli, kina chake mutu na kichwa cha mutu. Upepo wa ziwa haufiki. Utulivu wa peponi. Aliyemiliki parcelle hii, kiwanja chetu, kabla yetu alikuwa amelizungushia miiba. Watu wanazungushia miiba dhahabu kwa kukosa macho. Nimeitoa yote.

Jirani Habarurema akaja kusimama juu. Huyu anachoma michopo ya nyama ya mbuzi barabarani kwenye nusu ya pipa. Nusu! Amezaliwa juu ya mawe haya, ndiyo maana anajiona mwenye volkano. Akaniambia: voisin, jirani yangu, usijenge humo, ni mazuku. Akaeleza kwamba ni hewa mbaya inayotoka ardhini, nzito, inajaza shimo kama maji yanavyojaza beseni. Asubuhi bila upepo ndipo inakuwa kali zaidi. Taa inazimika, mbuzi analala na haamki.

Nilimushukuru. Kule Majengo tulikohama juzi hatukuwa na mambo hayo. Wivu ninautambua hata ukivaa mabuti.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mawe yamepangwa pamoja na ngazi ya kushukia, yai limeshushwa kwa kamba, limekaa kama askofu. Asubuhi nikakaa kwenye benchi kupima kama inafaa.

Inafaa mno. Kumbe mawazo yote mazuri yalikuwa yananisubiri humo. Niliona yai linaota mabawa, linapanda juu ya ziwa polepole, mimi mugongoni na aproni nyeupe. Chini watu wa Gisenyi wamesimama kwenye muchanga, sahani zimeinuliwa. Volkano yenyewe, Nyiragongo, ikanifungulia kifuniko chake, ikaniuliza kwa heshima kama nyama imeiva. Muzee Donat alikuwa nyuma yangu, ananishikia muavuli.

Katungu akaniita chai. Akaita tena na tena, anasema. Nikapanda kwa magoti. Miguu pamba, kichwa ngoma ya harusi. Ndivyo wanavyoumia wabunifu.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Jaribio la moto, alfajiri. Kibiriti kinawaka juu, kikishuka kinazimika, kama kimeona aibu. Nimelaumu kibiriti. Kisha makala. Kisha Habarurema, maana mutu hafungi moto wa mwenzake bila sababu.

Jogoo wake akashuka kufuata mahindi, akazunguka yai, akalala. Nikamushika miguu, nikamubeba kumurudishia mwenyewe. Tulipofika juu, akakohoa, akaniwikia usoni. Habarurema akasema hata jogoo wake sasa ametoa ushahidi. Nikamujibu kwamba jogoo wake ni mulevi, na siyo mara ya kwanza kumusikia akiwika ovyo.

Alasiri upepo mukali ukaja, na moto ukawaka wenyewe! Nikachoma tilapia. Katungu alikula mpaka kichwa, akalamba vidole, akacheka kama siku ile tuliyokutana. Akaniomba tulipandishe yai, tuliweke kando ya nyumba, maana linachoma vizuri na hapo juu tutapumua. Nikamueleza kwamba ukumbi hauhamishwi. Akaacha kucheka.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimepaka benchi rangi ya bluu. Katungu ametoa valizi chini ya kitanda. Anasema anaianika tu. Ina nguo ndani.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Lazima niandike.

Muzee Donat alilala njiani, akapiga simu mapema kutoka Kalengera, anauliza kama moto umewaka. Nikasema unanguruma. Akapiga tena kutoka Rumangabo, amekaribia zaidi. Nikasema nyama inalia mafuta. Ukweli, nyama ilikuwa kwenye yai, imetulia, baridi kama mawe. Hakuna upepo. Ziwa kama kioo.

Nikasikia gari. Nikashuka mara ya mwisho, nikapiga magoti, nikaingiza uso kwenye tundu la chini kupuliza makala.

Yai likaota mabawa. Safari hii hatukukaa ziwani, tulipita juu ya mawingu, na wingu lilikuwa na harufu ya pilipili, na kila mutu niliyemuahidi kitu alikuwa amekaa mezani anakula, hakuna anayeuliza.

Nilipofungua macho nilikuwa juu, mugongo kwenye majani, nimefungwa kamba kifuani. Katungu alikuwa kando yangu, anatapika na kulia pamoja. Wananiambia hakungoja mutu. Alifunga pumzi, akaruka ndani, akanifunga ile kamba ya yai, Habarurema na Muzee Donat wakavuta, kisha wakamuvuta yeye.

Muzee alikuwa amekaa kwenye majani, suruali ya safari imechanika goti. Halafu akamwambia binti yake kwamba alikuja kumuchukua, lakini mwanamuke anayeruka shimoni kwa sababu ya mutu huyu, hata akimupeleka Butembo, itafika valizi tu, moyo utabaki huku. Mimi akaniambia: wewe, mukwe, ukimufanya aruke tena, nitakuzika humo mwenyewe.

Habarurema alichoma mbuzi wetu kwenye nusu ya pipa. Alasiri upepo ulipokuja, walilivuta yai juu, wakaliweka kando ya ndoo za kufulia. Muzee akasifu michopo. Niliomba kipande. Ni tamu, lazima nikubali. Makala yalikuwa yangu.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Muzee, Katungu na Habarurema wamekwenda misa. Miiba imerudi kuzunguka shimo, Katungu ameipanga alfajiri kwa mikono yake. Mimi daktari aliyeniona jana amesema nipumzike. Katungu amenifunga kamba kiunoni, mwisho mwingine kwenye mulango wa jikoni. Anasema ataifungua nikipata akili.

Nimepumzika, nimefikiri. Habarurema alikuwa na haki, shimo si la jiko. Nimekubali, mimi si mubishi. Lakini mutu mwenye macho anajiuliza: katika mji huu wa makelele, wa majenereta na maombi ya usiku, ni nani anauza usingizi? Wenye pesa watapanga foleni. Vitanda, mashuka meupe, ndoto imehakikishwa. Benchi tayari ni bluu.

Kamba nimeipima. Inafika shimoni.