Ua Langu la Siku Moja

Jumanne, 4 Juni

Vitumba vitatu kwenye haibiskasi yangu! Miaka thelathini na moja tangu nivushe kitawi chake mpakani, kimefungwa leso mbichi ndani ya kiatu. Mipaka minne, vyungu tisa, bado mzima. Jumamosi ni maonyesho ya bustani za mtaa. Jirani yangu, fundi cherehani, ameshinda mara tatu mfululizo. Leo kanichungulia juu ya uzio, kaniuliza: eti shemeji, huo mmea hutoa maua, au ni wa kivuli tu? Atajua.

Jumatano, 5 Juni

Nimekihamishia chungu bafuni. Mvuke wa maji moto utavinenepesha vitumba. Utaalamu huo! Mke wangu akasema mmea huu ukihamishwa hununa, kama watu fulani. Nikamjibu mimi nimehamishwa mara nne na sijanuna hata siku moja. Alicheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea.

Alhamisi, 6 Juni

Vitumba viwili vimedondoka. Nimekirudisha chungu nje kimyakimya. Kilichobaki ndicho bora. Nilijua tangu mwanzo.

Ijumaa, 7 Juni

Kimechanua! Ua jekundu, pana kama sahani, lile lile la mlangoni kwa mama, nilikokikata kitawi. Kisha nikakumbuka: huishi siku moja tu, jioni hujikunja. Na maonyesho ni kesho! Nimelikata, nikaliweka kwenye friji, kati ya maziwa na mayai. Akili hizi!

Jumamosi, 8 Juni

Nililishonea tawini kwa uzi wa kijani. Jaji, mwalimu mstaafu, aliinama, akasifu rangi. Dakika nzima ya utukufu! Kisha fundi akavaa miwani. Akauliza kwa upole: shemeji, ua hili umelipiga bandi? Mbona mshono umekwenda upande? Vicheko. Jaji akafuta jina langu. Fundi kashinda tena.

Watu walipotawanyika alirudi, akaomba kitawi apande kwake, maana nyekundu ile hajapata kuiona. Nikamkatia kirefu kuliko vyote. Nikakifunga leso mbichi.

Jumapili, 9 Juni

Kitumba cha nne! Kilijificha nyuma, kimechanua chenyewe. Hakuna jaji. Tulikunywa chai mbele yake, mimi na mke wangu, hadi kikajikunja. Akaniuliza nimejifunza nini.

Mengi. Uzi wa kijani unaonekana. Mwakani, gundi. Na chungu nimeshakirudisha bafuni, kijizoeze.